Dola Mbili na Nusu

Hivi ukiona tangazo la sabuni kabla ya kichekesho cha kijana wa Mbagala, huwa unajiuliza ile hela inakwenda wapi? Mimi hujiuliza sana, labda kwa sababu nami natafuta ugali kwa kalamu.

Turudi nyuma kidogo. YouTube ilianzishwa Februari 2005 na jamaa watatu waliokuwa wamefanya kazi PayPal: Chad Hurley, Steve Chen na Jawed Karim. Oktoba 2006 Google ikakubali kuinunua kwa hisa zenye thamani ya dola bilioni 1.65. Wakati huo aliyepandisha video hakupata hata senti, alifurahia kuonekana tu. Kugawana mapato kulianza mwaka 2007, kwanza kwa wachache waliochaguliwa, halafu Desemba Wamarekani na Wakanada wakaruhusiwa kuomba. Mgawo uliokuja kuzoeleka ni asilimia 55 kwa mwenye video na 45 kwa Google. Tuseme ukweli, si mgawo mbaya. Waulizeni wanamuziki wetu waliouza kanda kwa wasambazaji.

Tatizo halikuwa mgawo. Tatizo ni nani anaamua video ipi inastahili tangazo. Sisi wa magazeti tunafundishwa kwamba kati ya mhariri na mtu wa matangazo kuna ukuta. Una matundu, sikatai, lakini upo. Kule YouTube tangazo linawekwa na kompyuta, na mwenye kampuni hajui limeangukia wapi. Mapema mwaka 2017 gazeti la The Times la London likaonyesha kwamba matangazo ya makampuni makubwa yalikuwa yakitokea kwenye video za watu wenye siasa kali na za chuki. Machi mwaka huo serikali ya Uingereza ikasitisha matangazo yake, gazeti la The Guardian nalo likaondoa yake, kisha AT&T, Verizon na Johnson & Johnson za Marekani.

Hapo ndipo kanuni zilipokazwa. Video haifutwi, ila inawekewa alama ya dola ya njano, maana yake matangazo ni kidogo au hakuna kabisa. Kampuni ya sabuni haitaki kukaa karibu na maiti, na huwezi kuilaumu. Lakini kompyuta haitofautishi vizuri anayeshabikia vita na anayeripoti vita, kwa hiyo watu wa habari nao wakakumbwa.

Desemba 31, 2017, Mmarekani Logan Paul, mwenye mamilioni ya wafuasi, akaweka video iliyoonyesha mwili wa mtu aliyejiua katika msitu wa Aokigahara, Japani. Aliadhibiwa: aliondolewa kwenye kundi la matangazo ya bei kubwa, na Februari matangazo yake yakasimamishwa kwa muda. Ila wiki mbili tu baada ya video ile likatoka tangazo lililowahusu wadogo. Kuanzia Februari 20, 2018, chaneli isiyo na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 haitapata hela ya matangazo. Saa 4,000 ni zaidi ya siku 166, usiku na mchana bila kupumzika.

YouTube walijitetea kwamba asilimia 99 ya walioguswa walikuwa wakiingiza chini ya dola 100 kwa mwaka, na asilimia 90 chini ya dola 2.50 katika mwezi uliopita. Hesabu hiyo nadhani ni ya kweli. Tena Google hailipi mpaka ufikishe dola 100, kwa hiyo wengi wao walikuwa hawajaigusa ile hela kwa mkono.

Sasa tazameni kilichotokea kwetu. Machi 2018, hata mwezi haujaisha, Tanzania ikatoa kanuni za maudhui ya mtandaoni. Mwenye blogu au televisheni ya mtandaoni alitakiwa kulipa TCRA shilingi 100,000 za maombi, 1,000,000 za leseni na 1,000,000 za kila mwaka. Jumla milioni 2.1, yaani dola 900 na ushee. Asiye na leseni: faini isiyopungua milioni 5, au jela isiyopungua miezi 12, au vyote. Kijana ananyimwa dola 2.50 California na kudaiwa 900 Dar es Salaam! Kanuni hizo zilibadilishwa mwaka 2020, zikarekebishwa tena 2022.

Novemba 2020 YouTube ikajipa haki ya kuweka matangazo kwenye video za wasiofikia kiwango, bila kuwagawia chochote. Ile hoja ya kuwalinda wenye sabuni ilikwenda wapi? Juni 2023 mlango ukashushwa hadi wafuasi 500, lakini hiyo ni kwa michango ya mashabiki na vitu vya namna hiyo. Kwa hela ya matangazo, 1,000 ilibaki palepale.