Wanawake wahamiaji katika kazi za utunzaji nchini Kanada

Wanawake wahamiaji katika kazi za utunzaji nchini Kanada ni wafanyakazi kutoka nchi za nje wanaolea watoto au kuhudumia wazee na wagonjwa katika nyumba za watu. Kwa miongo ya karibuni wengi wao wametoka Ufilipino.

== Historia ==
Mwaka 1955 Kanada ilianza kupokea wanawake wa Jamaika na Barbados kama watumishi wa nyumbani. Walitakiwa wawe hawajaolewa na wafanye kazi hiyo mwaka mmoja, lakini walipewa haki ya kukaa nchini. Katika miaka ya 1970 wageni wa kazi hiyo walianza kupewa vibali vya muda tu.

Mwaka 1992 ulianzishwa mpango mpya. Mtunzaji alilazimika kuishi nyumbani kwa mwajiri na kutimiza miezi 24 ya kazi ndipo aombe ukaazi wa kudumu. Sharti la kuishi kwa mwajiri liliondolewa mwaka 2014.

== Mapato ==
Kwa kawaida mishahara ya watunzaji haizidi sana kima cha chini kinachowekwa na kila jimbo. Anayelala kazini huitwa hata usiku, na mara nyingi saa hizo hazilipwi. Sehemu ya kipato hutumwa nyumbani kusomesha watoto na kutunza wazazi.

Katika mpango wa 1992, kibali kilitaja mwajiri mmoja. Aliyeacha kazi alihitaji kibali kingine, na muda aliokaa bila kazi haukuhesabiwa katika ile miezi 24. Kwa sababu hiyo wengi waliodhulumiwa walinyamaza. Mipango mipya iliyoanzishwa mwaka 2019 ilitoa vibali vilivyofuata aina ya kazi badala ya mwajiri mmoja.

== Matarajio ya ajira ==
Wengi wa wanawake hao walikuwa wauguzi au walimu kwao. Kurudia taaluma hudai mitihani, ada na leseni ya jimbo, na miaka waliyokaa nje ya fani huwa kikwazo. Hivyo hata baada ya kupata ukaazi, baadhi hubaki katika utunzaji, ama majumbani ama katika nyumba za wazee.

Hata hivyo, idadi ya wazee nchini Kanada inaongezeka, na mahitaji ya watunzaji yanakua pamoja nayo. Ukaazi wa kudumu humwezesha mtunzaji kusoma, kubadilisha kazi na kuishi na familia yake, ambayo mara nyingi ametengana nayo kwa miaka kadhaa.