Usafi wa Njia za Nairobi: Yaliyopita na Yatupasayo



Kila mwaka taarifa hii hueleza habari za fedha, za mazishi na za karo. Mwaka huu tumeona yafaa kutenga ukurasa mmoja kwa jambo ambalo kila mmoja wetu hulikanyaga atokapo nyumbani asubuhi, nalo ni taka za njiani. Jambo hilo lina historia, na historia yake yatuonya.

Reli ilifika Nairobi mwezi wa Mei, mwaka 1899, mahali penye tope na maji baridi ambapo Wamaasai walikuwa wakinywesha ng'ombe wao. Mji ukajengwa upesi kwa mabati, mbao na turubai, wala mitaro haikuchimbwa ipasavyo. Taka zikarundikana nyuma ya maduka, na panya wakazaliana. Mwaka 1902 tauni ilizuka katika soko la Wahindi, na serikali ikaamuru soko hilo lichomwe moto. Likateketea lote. Lakini baada ya kujengwa upya, msongamano na uchafu vilirudi, na katika miaka iliyofuata tauni nayo ikarudi. Moto uliunguza mbao. Sababu ya ugonjwa haukuiondoa.

Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson alikuja kutoka Uingereza kuchunguza afya ya miji. Katika mashauri yake alitaka watu watengwe kwa rangi, Wazungu kwao, Waasia kwao, na Waafrika kwao. Hivyo usafi ukafanywa hoja ya ubaguzi. Mitaa ya wakubwa ilifagiwa na kuzolewa taka. Mitaa ya Waafrika ilipata huduma haba, kisha wakazi wake wakaitwa wachafu. Wazee wetu walibeba lawama ya kazi ambayo haikufanywa. Twalikumbusha hili si kwa kinyongo, bali ili tujue kwamba mtaa usiozolewa taka hauwezi kuwa safi hata wakazi wake wakiwa na bidii namna gani.

Nairobi ilitangazwa kuwa jiji mwezi wa Machi, 1950. Wakati wa Uhuru, mwaka 1963, wakazi wake walikuwa kama 350,000. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 walikuwa 4,397,073. Taka za jiji sasa hukadiriwa kupita tani 2,000 kila siku. Wafagiaji huamka kabla ya jua, hukusanya taka kwa fagio na sepetu, nayo magari huzipeleka Dandora, katika jaa lililoanzishwa miaka ya 1970. Mwaka 2023 serikali ya kaunti iliongeza maelfu ya vijana katika kazi hiyo. Hata hivyo, zisizozolewa ni nyingi. Huangukia mitaroni, na mvua kubwa ijapo, maji yaliyokosa njia huingia nyumbani mwetu.

Je, mwananchi aweza nini? Tuangalie mifuko ya plastiki. Tarehe 28 Agosti, 2017, ilipigwa marufuku kwa adhabu kali, na wengi walidhani soko halitaweza kuendelea bila hiyo. Lakini akina mama walirudia vikapu vyao, wenye maduka wakatafuta mifuko mingine, na mifuko iliyokuwa ikining'inia katika nyua na miti ikapungua sana. Sheria ilitoka serikalini, lakini utii wa kila siku ulitoka kwa mnunuzi na muuzaji.

Kwa hiyo twawaomba wanachama mambo manne. Kwanza, maganda na mabaki ya chakula yatengwe na chupa, karatasi na makopo, kama itakavyo sheria ya mwaka 2022. Pili, taka zisitupwe mitaroni wala kuchomwa uani, kwa maana moshi wake hudhuru watoto. Tatu, kila ploti iwe na mtu wa kuangalia kama gari la taka limefika. Lisipofika, wakazi wapeleke malalamiko pamoja katika ofisi ya wadi, kwa maandishi, wala wasichoke. Huduma hiyo ni haki yao. Nne, mfagiaji aheshimiwe. Si vyema kijana wetu amtupie ganda miguuni mtu aliye na umri wa baba yake.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Baraza peke yake halitaweza, na sisi peke yetu hatutaweza. Twawasihi wazee wakumbushe jambo hili katika kila mkutano wa mtaa, ili wajukuu wetu wasije wakalaumiwa kama walivyolaumiwa babu zao, wala wasije wakawa na hatia ya lawama hiyo.