Kwa nini wauguzi wa wodi ya wazazi wanafanya mazoezi na mdoli?

Mama, ukifika wodi ya wazazi unaweza kukuta wauguzi na madaktari wamezunguka mdoli. Mmoja anamkausha, mwingine anampa hewa kwa kifaa cha kubana kwa mkono. Usiogope. Wanajiandaa kumpokea mtoto wako.

Kwani hawakusoma chuoni?

Tumesoma. Lakini mtoto anayezaliwa bila kupumua hatumwoni kila siku, na mkono usiofanya mazoezi husahau. Takribani mtoto 1 kati ya 10 huhitaji kusaidiwa kidogo ili aanze kupumua. Msaada huo unatakiwa uanze ndani ya dakika 1 ya kwanza, tunayoiita dakika ya dhahabu. Hapo hakuna muda wa kufungua kitabu.

Je, mazoezi yanasaidia?

Ndiyo. Kati ya 2021 na 2023 mpango wa Safer Births, ulioongozwa na Hospitali ya Haydom, ulifanyika katika vituo 30 vya mikoa ya Geita, Shinyanga, Mwanza, Tabora na Manyara. Watumishi walifanya mazoezi mafupi ya mara kwa mara wakiwa kituoni kwao. Walipewa vifaa vya kufuatilia mapigo ya moyo wa mtoto. Pia walitumia takwimu za kituo chao kuona wapi wanakosea na nini wabadilishe.

Matokeo yalichapishwa 2025. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa takribani asilimia 40, na vifo vya akina mama kwa takribani asilimia 75. Mafanikio hayakulingana kila mkoa, kwa hiyo kazi bado ipo.

Wewe na msindikizaji wako mfanye nini?

- Wahi kituoni. Kama unaishi kambi ya wachimbaji au kijiji cha mbali, panga usafiri na nauli mapema.
- Usinywe dawa za kienyeji za kuongeza uchungu. Zinaweza kubana mfuko wa uzazi kupita kiasi, mtoto akakosa hewa au mfuko ukapasuka. Kama umeshakunywa, tuambie. Tunauliza ili tukusaidie, si kukugombeza.
- Uliza: "Mapigo ya moyo wa mtoto yakoje?" Uchungu ukishakolea, hupimwa kila baada ya nusu saa.
- Mtoto akizaliwa anapaswa kukaushwa mara moja. Akilia vizuri, awekwe kifuani kwako. Akichukuliwa haraka kwenda mezani, anasaidiwa kupumua. Baadaye omba uelezwe kilichotokea.

Mwite muuguzi mara moja ukiona:

Kwa mama: damu nyingi inayolowesha khanga au pedi haraka, kichwa kuuma sana, kuona ukungu, degedege, homa au kizunguzungu.

Kwa mtoto: anashindwa kunyonya, anapumua kwa shida, amekuwa wa baridi au wa moto sana, amelegea, au ana degedege.

Ukiwa umesharudi nyumbani, usisubiri kupambazuke. Rudi kituoni.

Usiposikilizwa?

Rudia kusema. Kisha mwone muuguzi kiongozi wa wodi au mganga mfawidhi. Bibi au wifi aliyekusindikiza anaweza kukusemea. Kuuliza si utovu wa adabu, na mara nyingi mama ndiye wa kwanza kuona kuwa hali imebadilika.