Kuhama nyumba na ndege wa kufugwa

Katika kata ya Rusimbi, manispaa ya Kigoma-Ujiji, anayehama na njiwa, kuku au kasuku wake kwa kawaida haendi mbali: Ujiji, Mwanga au Gungu, mwendo wa bajaji au kirikuu. Hata hivyo uangalifu wote huishia barabarani, kana kwamba hatari ni mtikisiko wa gari. Makala haya yanashikilia kwamba usalama wa ndege huamuliwa zaidi na majuma yanayotangulia safari na yale yanayoifuata.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ni njiwa. Njiwa mkubwa aliyezoea kuruka kutoka banda fulani hulitambua kuwa kwake, na hulitafuta kwa kufuata jua, usumaku wa dunia na harufu za upepo. Waliofunzwa hurejea kutoka mamia ya kilomita, sembuse Ujiji hadi Rusimbi. Akifikishwa salama salimini kisha akafunguliwa kesho yake, atarudi kutua juu ya paa la zamani, ambako huenda hakuna tena wa kumpa hata punje ya mtama. Inafaa afungiwe kwa majuma kadhaa katika banda jipya lenye upande wa wavu, aone mapaa na miti ya jirani, ale hapo na ikiwezekana aatamie hapo. Siku ya kwanza ya kumfungulia iwe jioni, kabla hajalishwa. Wapo wakaidi watakaorudi hata baada ya hayo. Hao ni bora kumwachia jirani anayebaki, na kuhama na makinda ambayo hayajawahi kuruka.

Kwa kuku, adui ni kideri, ambacho wengi hukiita mdondo. Virusi vyake huhama pamoja na ndege, matenga na hata viatu, na kuku aliyeambukizwa anaweza kuonekana mzima kwa siku kadhaa. Chanjo ya I-2, inayotengenezwa nchini na kuvumilia joto kuliko chanjo za kawaida, hutolewa kwa tone moja jichoni na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu; lakini kinga haijengeki kwa usiku mmoja. Achanjwe angalau wiki mbili kabla ya kuhama, kisha atengwe na kuku wa mtaa mpya kwa wiki tatu hivi.

Kuna hoja yenye uzito dhidi ya haya yote: kila siku kuku hufungwa miguu, wakaning'inizwa kwenye baiskeli na kufika sokoni wakiwa hai. Ni kweli, ila wengi wao wanaelekea kisuni, na kufika hai si kufika mzima. Ndege hana kiwambo cha kumsaidia kupumua kama binadamu; hupumua kwa kutanua kifua, hivyo kumbana kifuani au kumning'iniza kichwa chini humnyima hewa. Hatoki jasho, hupoza mwili kwa kuhema. Tena huficha ugonjwa hadi nguvu zinapomwishia, ndiyo maana madhara ya leo huonekana baada ya siku nyingi na lawama huangukia maji au chakula cha nyumba mpya.

Kasuku ndiye anayehitaji maandalizi marefu zaidi. Tundu la safari liwekwe wazi karibu naye siku nyingi kabla, aingie mwenyewe na kulishwa humo. Asafiri alfajiri, tundu likifunikwa kwa kanga nyepesi inayopitisha hewa, mbali na moshi wa gari. Badala ya bakuli la maji linalomwagika, apewe vipande vya papai au tango, na chikichi ikiwa amezizoea. Parachichi, japo hupatikana kwa wingi Kigoma, ni sumu kwake. Akifika, awekwe mbali na jiko la mkaa.

Kwa kasuku wa kijivu lipo pia suala la sheria. Tangu Januari 2017 yumo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, na nchini wanyamapori wako chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Anayehamia Uvira, Kalemie au Bujumbura hawezi kumchukulia kama mzigo wa kawaida wa boti: vibali vya pande zote mbili za Ziwa Tanganyika vipatikane kwanza, na visipopatikana, ndege abaki.