Msimu wa Mbina: Vyama vya Maonyesho vya Usukuma na Kiangazi Chao

Historia ya sanaa za maonyesho nchini Tanzania huandikwa mara nyingi ikianzia Dar es Salaam na Bagamoyo, kwenye kumbi, vyuo na vikundi vya taifa. Shinyanga na Geita hutajwa kwa almasi, dhahabu, pamba na ng'ombe, na sanaa yao hupewa aya moja chini ya kichwa cha ngoma za asili. Mpangilio huo unapotosha. Kabla Mjerumani hajafika, Usukuma ulikuwa na vyama vya maonyesho vyenye viongozi, wanachama, masharti ya kujiunga, siri za kazi, wapinzani wa kudumu na msimu uliojulikana na kila mtu. Mbina, kama Wasukuma wanavyoziita ngoma zao, zilichezwa kila kiangazi baada ya mavuno, hasa kati ya Juni na Agosti, na ziliendelea hivyo kwa zaidi ya karne moja. Kilichozidumisha hakikuwa mtindo wa kurusha miguu wala mlio wa ngoma. Zilidumu kwa sababu ya msimu huo na ushindani wake, pamoja na kazi ya miezi mingi ambayo mtazamaji hakuiona. Tangu tulipoanza kuhifadhi mitindo na kuuacha msimu, tumebaki na ganda.

Simulizi za Wasukuma zinaanzia kwa waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, walioshindana juu ya nani ana dawa yenye nguvu zaidi. Shindano lao lilifanyika uwanjani kwa ngoma, kila mmoja na watu wake, na aliyevuta umati mkubwa ndiye aliyehesabiwa kushinda. Wafuasi wa Ngika wakawa Bagika, wa Gumha wakawa Bagalu, na migawanyo hiyo miwili ikaenea karibu Usukuma wote. Wakulima wanaocheza bugobogobo na majembe mkononi, washika nyoka wenye bugoyangi, wawindaji wa nungunungu, waimbaji wa wigashe wanaoimba wakiwa wamekaa, kila kundi lilikuwa na ufundi wake, lakini kiongozi wake alikuwa ama Mgika ama Mgalu. Kwa hiyo kikundi cha kijiji kimoja cha Shinyanga kilipata wapinzani, wenyeji na mashabiki hata mahali ambapo hakikuwa na ndugu. Huo ni mtandao wa kazi, na ulijengwa bila ofisi yoyote ya utamaduni.

Nyuma ya pazia, kama neno hilo linafaa kwa sanaa isiyo na pazia, alikuwepo ningi, ambaye kwa Kiswahili twaweza kumwita manju. Yeye alitunga nyimbo, akachagua wachezaji, akapanga mwendo, akatafuta mpinzani na kukubaliana naye siku na uwanja. Kazi yake ilianza mvua zikiwa bado zinanyesha, kwa maana wimbo ulipaswa kuwa umekomaa kabla ya jembe kuwekwa chini. Alihitaji wimbo wa kumchokoza mpinzani, wimbo wa habari za mwaka, wimbo wa kumsifu aliyemfundisha, na kitu kipya ambacho upande wa pili haujakiona. Kitu hicho kipya ndicho kilichofichwa kuliko vyote. Vikundi vilichonga watu wa mbao wa kuinuliwa katikati ya ngoma, wengine wakiwa na viungo vinavyochezeshwa. Vilifuga na kuzoeza chatu. Vilibuni michezo ya viungo na ya kuchekesha. Juu ya hayo kulikuwa na dawa, hasa ile iitwayo samba, ya kuvuta watu na kumkinga mchezaji dhidi ya hila za wapinzani. Mwanachama mpya alipokewa kwa kuchanjwa dawa ya upande wake, na tangu siku hiyo alifungwa na utii kwa kiongozi wake na kwa waliomtangulia. Mtu anayetaka kuelewa nidhamu ya vikundi hivi aanzie hapo, kwa kuwa hakukuwa na mshahara wa kumfanya kijana arudi mazoezini usiku baada ya kutwa shambani.

Siku ya mpambano, kanuni ilikuwa ya wazi na kali. Vikundi viwili vilicheza wakati mmoja katika uwanja mmoja, kila kimoja na duara lake. Mtazamaji hakulipa kiingilio wala hakufungwa na kiti; alisimama anapofurahishwa, na akichoka alivuka kwenda upande wa pili. Manju aliona umati wake ukipungua mbele ya macho yake, akalazimika kuamua hapo hapo kama atatoa ile silaha aliyoificha au atasubiri saa nyingine. Mpambano uliweza kuchukua siku kadhaa. Sijui kipimo cha sanaa kilicho cha haki kuliko hicho, kwa sababu hakimu hakuteuliwa na mtu na hakuweza kuhongwa: walikuwa ni watu wote waliofika.

Wapo watakaosema kwamba ngoma ni ngoma na mchezo wa kuigiza ni mwingine, na kwamba kuviita vikundi hivi vyama vya maonyesho ni kuvikweza. Wanasema hakuna andiko, hakuna wahusika, hakuna kisa chenye mwanzo na mwisho. Ni hoja ya kujibiwa kwa uzito, na jibu liko katika kazi za wasomi wetu wenyewe. Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walipokwenda Malya wilayani Kwimba mwanzoni mwa miaka ya 1980 kufanya maonyesho ya kujadili matatizo ya kijiji, waliona kwamba ngoma na nyimbo za Wasukuma zilikuwa tayari zinabeba hoja, wahusika na mabishano. Mcheza nyoka anayejifanya ameumwa ili mwenzake aje na dawa anaigiza kisa kamili. Wimbo wa Bagika wa kumsema manju wa Bagalu una mhusika, tena mhusika aliyesimama hatua chache tu kutoka hapo, anayejiandaa kujibu. Andiko ni njia moja ya kukumbuka maonyesho. Vyama hivi vilikuwa na njia nyingine, na ilitosha.

Msimu huu ulisimama juu ya kalenda ya kazi. Frank Gunderson, mtafiti wa muziki aliyechapisha mwaka 2010 kitabu kikubwa kuhusu nyimbo za kazi za Wasukuma, amefuatilia jinsi nyimbo za wawindaji na za wapagazi wa misafara ya karne ya 19 zilivyoingia katika vikundi vya kulima. Vijana walilima kwa pamoja kwa mdundo, shamba la mtu mmoja baada ya jingine, chini ya kiongozi wao nsumba ntale; baada ya mavuno kikundi kile kile kiligeuka kuwa cha maonyesho. Hivyo mazoezi yalikuwa ndani ya kazi yenyewe. Pamba iliongeza nguvu badala ya kuipunguza, kwa kuwa fedha ya zao hilo ilipatikana kiangazi, wakati wa mbina. Chama kikuu cha ushirika cha Victoria Federation, kilichoundwa mwaka 1955 Paul Bomani akiwa kinara wake, kilikuwa kati ya vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika, na mkulima wake ndiye aliyekuwa mtazamaji uwanjani. Mpango wa maendeleo wa Usukuma ulioanza mwaka 1947 ulipowahimiza watu wenye mifugo mingi kuhamia Geita, nyimbo na ushindani wao vilihamia pamoja nao.

Pigo la kwanza kwa msimu huu lilitarajiwa kutoka kanisani, na pingamizi la kanisa halikuwa la kipuuzi. Dawa ya mbina ilikuwa ndugu wa imani za uchawi, na imani hizo zimegharimu maisha ya watu katika mkoa wa Shinyanga, hasa vikongwe walioshutumiwa kwa sababu ya macho mekundu tu. Hakuna anayependa mbina kwa dhati anayeweza kulifumbia macho jambo hilo. Lakini angalia kilichotokea Bujora, karibu na Kisesa nje ya Mwanza. Padri David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Kanada, aliyefanya kazi hapo tangu miaka ya 1950, hakuziondoa ngoma. Alijenga kanisa lenye umbo la Kisukuma, akaanzisha makumbusho ya Wasukuma yenye jengo maalumu la vyama vya ngoma, na sikukuu ya Ekaristi mwezi Juni ikawa Bulabo, tamasha la mashindano linalokutanisha vikundi vya Bagika na Bagalu. Alichochukua Clement kutoka kwa Ngika na Gumha ni msimu na mpambano. Dawa ilipoteza nafasi yake ya hadharani, na umati ukaendelea kuja. Bujora inaonyesha kwamba sehemu hizo mbili zinaweza kutenganishwa, na kwamba iliyobeba sanaa ni ile ya ushindani.

Pigo zito zaidi lilitoka kwa waliopenda sana utamaduni. Desemba 1962 Rais Nyerere alitangaza wizara ya utamaduni, na muda mfupi baadaye kikaundwa kikundi cha ngoma cha taifa. Bugobogobo ikafundishwa kwa wachezaji wa makabila yote, ikafupishwa, ikapangwa kwa mistari ili mgeni rasmi aione vizuri. Nia ilikuwa njema na heshima iliyotolewa ilikuwa ya kweli. Lakini ngoma iliyokuwa ikichezwa siku nzima dhidi ya mpinzani sasa ilichezwa dakika chache, peke yake, mbele ya meza kuu, na hakuna mtazamaji aliyeweza kuondoka. Vijijini, vikundi vilianza kuhesabu mwaka kwa ziara za viongozi, mbio za Mwenge, Saba Saba na Nane Nane. Msomi Elias Songoyi ameonyesha pande mbili za jambo hili. Mwaka 1988 aliwalinganisha waimbaji Kalikali wa Usukuma na Mwinamila wa Unyamwezi kwa kuangalia uhusiano wao na dola. Mwaka 1990 alichapisha utafiti wa jinsi biashara inavyoibadili ngoma. Mwimbaji anayeitwa kusifu hahitaji mpinzani, na manju asiye na mpinzani hana sababu ya kukesha akitunga.

Mtu aweza kupinga kwamba mabadiliko hayo hayakuepukika, na kwamba ushindani wa kijiji hauwezi kuishi katika dunia ya tiketi na vipaza sauti. Dar es Salaam yenyewe inakanusha. Muungano Cultural Troupe ya Norbert Chenga, iliyoanza mwaka 1980, ilijaza kumbi kwa ngoma, maigizo na sarakasi, na ngoma ya chatu ya Kisukuma ilikuwa kati ya vivutio vyake. Ilipotokea Tanzania One Theatre ya Kapteni John Komba mwaka 1992, mipambano ya makundi hayo mawili, hasa ya taarabu, ikavuta watu kuliko onyesho lolote la kundi moja. Pwani walikuwa wameyajua hayo tangu enzi za ngoma ya beni, kundi la Marini likishindana na la Arinoti. Ushindani wa jozi unaishi mjini na kijijini, ukipewa nafasi.

Swali gumu linabaki kwenye ukanda wa migodi. John Williamson aligundua almasi Mwadui mwaka 1940. Mgodi wa dhahabu wa Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi 1966, kisha mgodi mpya ukafunguliwa mwaka 2000. Bulyanhulu ulifuata mwaka 2001 na Buzwagi mwaka 2009, ambao ulifungwa 2021. Husemwa kwamba migodi iliua ngoma kwa kuleta fedha, disko na baa. Mimi naona fedha haikuwa adui. Pamba nayo ilileta fedha. Tofauti iko kwenye muda. Mgodi mkubwa unafanya kazi kwa zamu, mchana na usiku, mwaka mzima, na mchimbaji mdogo wa Nyarugusu au Mgusu anafuata habari za dhahabu, si mvua. Anaweza kuwa na siku ya mapumziko, lakini si siku ile ile na mwenzake. Kikundi cha ngoma hakiwezi kufanya mazoezi ikiwa nusu yake iko shimoni na nusu kwenye karasha la kusaga mawe. Kwa hiyo sanaa imehamia kwa mtu mmoja mmoja: mwimbaji wa Kisukuma anarekodi studio Kahama au Mwanza, na wimbo wake unasikika kwenye simu na bodaboda hadi Katoro. Wengi wao ni watunzi hodari, na anayesema sanaa imekufa hajawasikiliza. Walichokosa ni uwanja ambapo wimbo hujibiwa siku hiyo hiyo, mbele ya watu wenye miguu ya kuondokea.

Uwanja huo unaweza kurudishwa kwa gharama isiyo kubwa. Tangu marekebisho ya sheria ya madini ya mwaka 2017, kampuni za migodi zinapaswa kuandaa kila mwaka mpango wa kuihudumia jamii kwa makubaliano na halmashauri, na fedha hizo hujenga madarasa na zahanati, kama inavyostahili. Sehemu ndogo yake ingetosha kulipia usafiri, chakula na zawadi za mashindano ya wiki mbili mwezi Julai, yakizunguka Shinyanga, Kahama na Geita kwa zamu, na ratiba ikitangazwa mwezi Januari ili manju wapate miezi ya kutunga na mameneja wa migodi wapate muda wa kupanga likizo. Vikundi vipangwe viwili viwili, Bagika kwa Bagalu, kila kimoja na duara lake, vianze kwa wakati mmoja. Meza kuu isiwekwe.