Stromboli, Sakurajima, Lengai: Kuusoma Mlima Unaolipuka Kidogo Kidogo

Anayetaka kuelewa jinsi volkano inavyolipuka asianze na Pinatubo wala Krakatau. Milima ya namna hiyo hulipuka kwa nguvu mara moja katika vizazi vingi, huku ikiteketeza vyombo vilivyowekwa kuipima. Aanze na Stromboli, kisiwa kidogo kaskazini mwa Sicily, ambako kreta hufoka kila baada ya dakika kumi au ishirini, na imefanya hivyo kwa zaidi ya miaka elfu moja. Mlipuko mmoja huchukua sekunde chache. Vipande vya lava hurushwa makumi ya mita, pengine zaidi ya mia, vikaanguka, na mlima ukatulia. Dhana anayoiwaza mtafiti asubuhi huweza kupimwa kabla ya adhuhuri.

Kila jamii iliyoishi na mlima wa aina hii imeusoma kwa namna yake, na naamini namna hiyo hutokana na tabia ya mlima wenyewe.

Waitalia walianza kwa macho. Pliny Mzee aliandika katika karne ya kwanza kwamba wakazi wa visiwa vile husemekana kuutazama moshi wa Stromboli na kutabiri pepo za siku tatu zijazo. Mwaka 1788 padri na mwanasayansi Lazzaro Spallanzani alisogea karibu na kreta, akaiona lava ikipanda, ikivimba kwa mapovu, ikipasuka na kushuka tena kama uji mzito jikoni. Alikata shauri kwamba kinachousukuma mlipuko ni gesi. Hakuwa na chombo chochote cha maana, na alikuwa sahihi. Karne moja baadaye Giuseppe Mercalli, ambaye wengi humjua kwa kipimo chake cha ukali wa matetemeko, aliifanya Stromboli kuwa mfano wa kundi zima la milipuko.

Waliofuata walikuwa wakilijibu swali la Spallanzani: povu hilo hutoka wapi? Mwaka 1988 Claude Jaupart na Sylvie Vergniolle walionyesha maabara, kwa kupitisha gesi katika kimiminika kizito, kwamba viputo vidogo vinaweza kujikusanya chini ya dari la chumba cha magma hadi tabaka lao liporomoke na kuwa povu moja kubwa linalopanda bombani. Mwaka 2007 Mike Burton na wenzake walipima gesi ya milipuko kutoka mbali, kwa kutumia mionzi ya joto la lava yenyewe inayopita ndani ya gesi hiyo. Mchanganyiko wake uliashiria kwamba mapovu makubwa huanza safari yao kina cha kilomita tatu hivi. Leo kreta imezungukwa na kamera za joto na maikrofoni zinazonasa mawimbi ya sauti ya chini ya hezi 20, ambayo sikio la binadamu haliyapati. Povu linapopasuka hupiga hewa, na kutokana na pigo hilo mtafiti hukadiria kiasi cha gesi kilichotoka.

Japani njia ilikuwa nyingine. Fusakichi Omori hakuwa mpanda milima aliyeinamia kreta, alikuwa mtaalamu wa matetemeko. Alikwenda kupima mitetemo ya mlima Usu mwaka 1910, na mwaka 1911 kituo cha uangalizi kilianzishwa mlimani Asama. Volkano nyingi za huko zina magma nzito inayopoa mdomoni na kuwa kizibo. Gesi hujazana chini yake hadi kizibo kivunjike. Ukichungulia kreta iliyozibwa huoni kitu, kwa hiyo huna budi kuipima ardhi.

Sakurajima, ambayo kreta yake ya Minamidake imekuwa ikilipuka mara kwa mara tangu 1955, ndiyo shule kuu ya fani hiyo. Chuo Kikuu cha Kyoto kilichimba handaki ubavuni mwa mlima na kulaza mabomba ya maji ndani yake. Mlima ukivimba hata kwa kiasi kisichoonekana, maji hubadili kimo upande mmoja. Watafiti waligundua kwamba mlima huvimba kwa dakika kadhaa, pengine saa kadhaa, kabla ya mlipuko, kisha husinyaa.

Umakini huo ulitanguliwa na maumivu. Januari 1914, siku za mitetemo na visima kubadilika, mkuu wa kijiji cha Higashi-Sakurajima aliuliza kituo cha hali ya hewa cha Kagoshima, akajibiwa kwamba mlima hautalipuka. Wengi walikuwa wamekwisha kukimbia kwa kuamini macho yao. Waliosikiliza kituo walichelewa, mlima ukalipuka, na baadhi yao walikufa. Mnara uliosimamishwa katika shule ya kijiji hicho mwaka 1924 unawausia wakazi wasiitegemee nadharia, wajiandae waonapo dalili. Ningependa kila mwanafunzi wa jiolojia ausome mnara huo kabla ya kushika chombo chake cha kwanza.

Ni Japani hiyohiyo iliyompata Masao Mimatsu, mkuu wa posta aliyeona kilima kipya, Showa-Shinzan, kikichomoza mashambani kati ya 1943 na 1945. Ulikuwa wakati wa vita, vifaa havikupatikana. Alifunga nyuzi za mlalo karibu na posta yake, akawa anachora kila mara umbo la kilima lilipofikia dhidi ya nyuzi hizo. Mwaka 1948 michoro yake ilionyeshwa kwa wataalamu wa volkano mjini Oslo, wakaipokea kama data.

Njia hizi mbili, ya Waitalia na ya Wajapani, zilikutana Stromboli. Tarehe 3 Julai 2019 mlima ulitoa mlipuko uliopita kwa mbali ile ya kila siku, ukamuua mpanda mlima mmoja. Tarehe 28 Agosti ukaja mwingine. Vipimo vya mwinamo vilionyesha kwamba ardhi ilianza kuvimba dakika kama kumi kabla. Maurizio Ripepe na wenzake wa Chuo Kikuu cha Florence walipolinganisha vipimo hivyo na vile vya milipuko midogo isiyohesabika, waliona umbo la uvimbe ni lilelile: kinachobadilika ni ukubwa na muda. Dalili hiyo sasa hutumika kutoa tahadhari kisiwani. Bila miaka ya kurekodi milipuko ambayo haikumdhuru mtu, wasingeitambua ile inayoua.

Ol Doinyo Lengai wa Tanzania, mlima wa Mungu kwa Wamasai wanaouendea kwa maombi, haufanani na wowote kati ya milima hiyo. Lava yake ya kaboneti ya sodiamu, ambayo J. B. Dawson aliieleza kitaalamu mwaka 1962, ina joto la nyuzi 500 hadi 600 tu, hutoka nyeusi na nyepesi, kisha hugeuka nyeupe ikikutana na unyevu. Kwa miaka mingi hububujika na kurusha matone ndani ya kreta, halafu hubadili tabia. Julai 2007 matetemeko yalitikisa eneo la Gelai, jirani yake, na rada za setilaiti zikaonyesha magma ikipenya ufa chini ya ardhi. Septemba Lengai ikalipuka kwa nguvu, na milipuko ikaendelea hadi 2008.

Sasa kuna vituo vya GPS mlimani, na Chuo Kikuu Ardhi kinashiriki katika kazi hiyo. Ni hatua kubwa, lakini kwa muda mrefu wataalamu wa Lengai wamekuwa wageni wanaopanda, wanachukua sampuli na kushuka. Wanaokaa ni wafugaji wa Engare Sero. Ningeanza na daftari kijijini hapo, linalotunzwa na mtu anayelipwa kwa kazi hiyo: tarehe, saa, ngurumo imesikika upande gani, moshi ulikuwa wa rangi gani, majivu yameangukia malisho yapi. Likiwekwa kando ya rekodi za GPS za siku ileile, mtafiti ataweza kuuliza ni ngurumo zipi zilitanguliwa na kuvimba na zipi hazikutanguliwa.