Pesa ya kusomesha mawakili: habari ya Wameksiko wa Texas

Wiki hizi matangazo ya skolashipu yamejaa kwenye simu, na moja limezunguka kuliko mengine: ufadhili wa kusoma sheria Marekani kwa wanafunzi Wahispaniki. Maswali yalikuja mengi. Hao ni nani? Sisi tunaruhusiwa kuomba? Na kwa nini wawe na pesa yao peke yao ya kusomea sheria, kwani sheria ina kabila?

Swali la tatu ndilo limetufanya tukae chini tuandike. La kwanza tulijibu haraka: Wahispaniki ni watu wa Marekani ambao asili yao ni nchi zinazosema Kispaniola, kama Meksiko, Puerto Rico, Kuba na nyingine. Siyo kwamba wote ni wageni. Baada ya vita ya 1846 hadi 1848 Meksiko ilipoteza karibu nusu ya ardhi yake kwa Marekani, na watu waliokuwa wanaishi huko wakaamka wako nchi nyingine bila kuhama hata hatua moja. Sisi wa Maziwa Makuu jambo hilo hatuhitaji kufundishwa. Mkataba wa 1848 uliwapa uraia. Kwenye karatasi, yaani.

Kati ya karatasi na maisha kulikuwa na umbali mrefu, na umbali huo unaonekana vizuri kwenye kesi moja ya mji mdogo wa Edna, wilaya ya Jackson, Texas. Mwaka 1951 kijana mfanyakazi wa mashamba, Pete Hernandez, alishtakiwa kwa kumuua mtu anaitwa Joe Espinosa. Aliyekufa alikuwa na asili ya Meksiko, na mshtakiwa pia. Lakini juri, yaani wale raia 12 wanaokaa mahakamani na kuamua kama mtu ana hatia au hana, walikuwa wazungu watupu. Akahukumiwa kifungo cha maisha.

Mawakili wake hawakuuliza tu kama aliua. Waliuliza: hao 12 wamechaguliwaje? Wakafungua rekodi za wilaya. Watu wa asili ya Meksiko walikuwa karibu asilimia 14 ya wakazi, na wengine walikuwa na sifa zote za kukaa kwenye juri. Lakini kwa miaka 25 watu zaidi ya 6,000 walikuwa wameitwa kwa kazi hiyo, na hakuonekana hata mmoja mwenye jina la Kimeksiko. Hata mmoja!

Hapo serikali ya Texas ilitoa jibu ambalo tulilisoma mara mbili tukidhani hatujaelewa. Ilisema: Katiba inakataza ubaguzi kati ya weupe na weusi tu, na Wameksiko ni weupe, kwa hiyo juri ya weupe ni juri ya wenzao, hakuna aliyebaguliwa. Basi wakati wa kukaa kwenye juri wanahesabiwa weupe, lakini mgahawa mjini ulikuwa na tangazo kwamba Wameksiko hawahudumiwi. Na kwenye jengo lenyewe la mahakama kulikuwa na vyoo viwili vya wanaume. Kimoja hakikuandikwa kitu. Cha pili kiliandikwa ni cha weusi, na chini yake maneno ya Kispaniola, «Hombres Aquí», maana yake wanaume hapa. Mawakili walikipeleka choo hicho hadi Mahakama ya Juu ya Marekani kama ushahidi. Sisi tunaoishi na mabango ya kutuelekeza foleni gani ni ya nani, tunaelewa kwa nini waliona choo kinasema ukweli kuliko mwanasheria wa serikali.

Tarehe 3 Mei 1954 majaji wote walikubaliana. Jaji Mkuu Earl Warren aliandika kwamba ulinzi wa Marekebisho ya 14 ya Katiba hauishii kwa makundi mawili, na kwamba ni vigumu kuamini kuwa watu 6,000 wameitwa bila Mmeksiko hata mmoja kwa bahati tu. Wiki mbili baadaye mahakama hiyohiyo ikatoa hukumu ya Brown, ile ya shule za weusi na weupe, ndiyo maana hii ya Hernandez wengi hawaijui. Hernandez mwenyewe alirudishwa mahakamani, akahukumiwa upya na akapatikana tena na hatia. Tunalisema hili kwa sababu mtu anaweza kudhani ushindi ulikuwa kumtoa jela. Hapana. Ushindi ulikuwa namna ya kuhukumiwa.

Sasa mawakili hao walitoka wapi? Gus Garcia na Carlos Cadena, waliosimama mbele ya Mahakama ya Juu, walikuwa mawakili wa kwanza wa asili ya Meksiko kufanya hivyo. Garcia alizaliwa Laredo, mpakani, mwaka 1915. Alikuwa wa kwanza shuleni na akapata ufadhili wa kwenda Chuo Kikuu cha Texas, akamaliza sheria 1938. Kwa hiyo skolashipu moja iliyotolewa katika miaka ya 1930 ndiyo ilizaa wakili wa 1954. Nauli na gharama za kesi zilichangwa na vyama vyao, LULAC na American GI Forum, kile cha wanajeshi waliotoka vitani, na watu wa kawaida wakitoa dola moja moja. Wangekuwa kambini tungesema wamepitisha kofia.

Lakini kofia haitoshi kila siku. Miaka 12 baada ya hukumu ile, mwaka 1966, wakili mwingine wa San Antonio, Pete Tijerina, alikuwa na mteja mwanamke wa asili ya Meksiko aliyepoteza mguu kwenye ajali. Akaenda Jourdanton kudai fidia, akaangalia orodha ya juri, na kilio kikawa kilekile. Sheria ilikuwa imeshabadilika, lakini hakukuwa na mawakili wa kuisimamia wilaya kwa wilaya. Tunaona hapo ndipo penye kiini cha habari yote: hukumu bila mtu wa kuidai ni karatasi tu, kama ule uraia wa 1848.

Tijerina akawasiliana na Jack Greenberg, aliyeongoza mfuko wa mawakili wa NAACP uliokuwa unatetea weusi, naye akamuelekeza kwa Ford Foundation. Mwaka 1968 ikazaliwa MALDEF, mfuko wa kisheria wa Wamarekani wenye asili ya Meksiko, kwa ruzuku ya dola milioni 2.2. Sikieni hapa: ndani ya pesa hiyo, dola 250,000 zilitengwa kusomesha vijana wao sheria. Yaani siku wanafungua ofisi ya kesi, walifungua pia bomba la mawakili. Mawakili wao walikuwa wachache sana, na kesi zilikuwa nyingi.

Vilma Martínez ni mmoja wa watu wa mwanzo wa kazi hiyo. Ni mtoto wa San Antonio, na shuleni mshauri alitaka kumpeleka kwenye ufundi badala ya chuo. Akasoma sheria Columbia, akamaliza 1967, na 1973 akawa kiongozi wa MALDEF akiwa bado hajafika miaka 30. Wakati wake ndipo ilianza kesi ambayo sisi wakimbizi tunaipenda kuliko zote. Mji wa Tyler, Texas, ulianza 1977 kudai dola 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto asiye na karatasi za uhamiaji. Familia nne zikakubali kushtaki. Jaji alipanga kuwasikiliza alfajiri ili wasionekane, na majina yao yakafichwa. Walikuja wakijua wanaweza kurudishwa Meksiko siku hiyohiyo. Tarehe 15 Juni 1982 Mahakama ya Juu ikaamua, majaji watano dhidi ya wanne, kwamba mtoto hawezi kunyimwa shule ya serikali kwa kuwa hana karatasi. Sauti moja tu ilitofautisha.

Turudi kwenye tangazo. Hadi leo MALDEF inatoa ufadhili kwa wanafunzi wa sheria, na ukisoma masharti unaona historia hii yote imejikunja ndani yake. Wanaangalia masomo, ndiyo, na shida ya pesa, ndiyo. Lakini wanaangalia pia umeshafanya nini kwa ajili ya haki za Walatino na utafanya nini. Hapa tuwe wakweli kidogo: barua nyingi za maombi tunazosaidiana kuandika hapa kambini zinaanza na njaa na kumalizika na njaa. Njaa ni kweli, hatuikatai. Ila wale wanaouliza wanajua tayari kwamba una njaa. Wanataka kujua ukipata shahada, orodha gani utakwenda kuifungua.

Hata tangu Juni 2023, Mahakama ya Juu ilipozuia vyuo kuchagua wanafunzi kwa kuangalia rangi, Jaji Mkuu John Roberts aliacha mlango mmoja: mwombaji bado anaweza kueleza jinsi asili yake ilivyogusa maisha yake. Kwa hiyo ile insha ya fomu imekuwa na uzito zaidi.

Je, sisi tunaruhusiwa? Ufadhili huo ni kwa mwanafunzi wa chuo cha sheria Marekani, na kule sheria inasomwa miaka mitatu baada ya shahada ya kwanza, siyo kama kwetu unapoingia ukitoka sekondari. Kwa hiyo msipoteze bando. Wetu wa karibu ni DAFI, unaolipwa kwa sehemu kubwa na Ujerumani tangu 1992, kwa mkimbizi anayetaka shahada ya kwanza katika nchi iliyompokea. Anayeuliza kama mtu asiye na karatasi anaweza hata kuwa wakili, tunamjibu na Sergio Garcia. Alizaliwa Meksiko, akasoma sheria California bila kibali cha kukaa, akafaulu mtihani wa uwakili, na tarehe 2 Januari 2014 mahakama kuu ya jimbo hilo ikaamuru apewe leseni.

Wenye vyeti vya sekondari vilivyobaki nyumbani, tuandikieni mapema, kabla ya dirisha la maombi kufunguliwa, maana kufuatilia nakala kunachukua miezi.